Nilivyowapelekea Mvinyo Watu Waliotaka Chumvi

Tangu nirudi Dodoma, kila anayenikuta sokoni ananiuliza biashara ya Uganda imekwendaje, na kabla sijajibu ananiangalia viatu. Viatu ni vilevile nilivyoondoka navyo. Basi nimeamua kuandika yote mara moja, mpitishiane wenyewe kwa wenyewe, nami nipate kunywa chai yangu kwa utulivu. Habari za vibali na mihuri nitaziruka. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la ofisi anazijua, na asiyewahi namtakia aendelee hivyohivyo.

Wazo lilikuwa la kaka yangu Lameki, ambaye wengi mnamfahamu. Lameki alikwenda Uganda na jeshi letu wakati wa vita vya Kagera, na vita vilipokwisha akabakizwa Jinja kulinda amani. Katikati ya kulinda, akagundua kwamba watu wa Jinja ni wastaarabu, wana hoteli ukingoni mwa mto Nile, na makanisa yao hayana divai ya misa. Akamtuma askari aliyekuja likizo aniambie mji mzima una kiu. Mimi nimekulia kwenye zabibu za baba kule Hombolo, mvinyo ndio kitu pekee ninachokijua vizuri, na nilikuwa nimechoka kuuza kwa watu wanaosema watalipa baada ya mavuno. Nikajiona mwenye duka katika nchi ya kigeni, nimevaa shati jeupe, wateja wananiuliza ushauri.

Dodoma mpaka Bukoba

Treni ya Mwanza ilichelewa kufika kwa sababu ambayo mkuu wa stesheni alisema ni ya kiufundi. Sababu yenyewe tuliikuta mbele ya Manyoni, imelala juu ya reli: behewa la mizigo la treni iliyotutangulia. Tulikaa hapo muda wa kutosha abiria kufahamiana, kuazimana sabuni na kugombana.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Kisukuma mwenye matenga ya kuku. Alinishauri niyalaze makreti yangu ya mvinyo ubavu ili kuku wapate pa kukaa. Nikamweleza, kwa fahari ya mtaalamu, kwamba mvinyo kweli huhifadhiwa chupa zikiwa zimelala. Akasema basi tumeelewana. Kuku walikaa juu ya mvinyo mpaka Mwanza, na kama yupo anayetaka kujua joto la kuku linaufanyia nini mvinyo mwekundu, aje nimweleze.

Kwenye meli ya kwenda Bukoba nilitapika, ingawa nilikuwa nimewaambia wenzangu kwamba mtu mwenye tumbo imara haumwi na ziwa. Bukoba nikapata nafuu kwa senene wa kukaanga na kahawa. Hapo ndipo nilipokutana na Kamugisha, dereva wa lori la saruji, Mhaya mcheshi aliyekubali kunichukua mpaka Jinja. Aliponusa chupa moja aliniuliza kama huko ninakokwenda kuna mtu ameniomba niende. Nikamwambia kaka yangu. Akaguna, akatia gia.

Mutukula mpaka Jinja

Tulivuka mpaka pale Mutukula, lakini Masaka sikuuona mji. Niliona mahali ulipokuwa kabla ya vita. Kuta zimesimama bila mapaa, majani yanaota ndani ya vyumba, na kati ya kuta hizo watu wameshaweka meza za kuuzia nyanya. Kamugisha alisimamisha gari apoze injini, nami nikaingia kwenye kaduka kamoja kuuliza pa kupata chakula.

Nilimsalimu mwenye duka kwa adabu zote nilizofundishwa na mama yangu. Nikamwambia habari za hapa, bwana, samahani, naomba kukuuliza. Yule mzee alivua saa yake ya mkononi, akaiweka kwenye kaunta mbele yangu.

Nikamwambia sitaki saa. Akafikiri kidogo, akaleta redio.

Ilibidi Kamugisha aje anitoe. Njiani akanieleza kile ambacho Lameki alisahau kunitumia pamoja na habari za kiu. Watu wale kwa miaka mingi walinyang'anywa mali na askari waliosema Kiswahili. Kisha wakaja askari wengine kuwakomboa, nao wanasema Kiswahili, na baada ya ukombozi baadhi yao nao wakaanza kupenda saa. Kwa hiyo mwanamume mgeni akiingia dukani na kusema samahani kwa Kiswahili laini, mtu mwenye akili hangoji sentensi iishe. Mimi niliyeambiwa shuleni kwamba Kiswahili ni lugha ya undugu nilikaa kimya mpaka Kampala. Kila kizuizi tulichopita askari waliniita afande. Wananchi waliniita mkombozi, kwa sauti ile ambayo sisi hapa humwitia mtoza kodi.

Jinja

Nilipofika kambini Jinja niliambiwa Lameki amehamishiwa kaskazini. Alikuwa ameniachia ujumbe kwa mlinzi wa lango kwamba nimsubiri, biashara ianze tu. Mpaka leo sijui alitaka nisubiri nini.

Mji ni mzuri, sikatai. Barabara pana, miti imepangwa, nyumba zenye veranda ambazo wenyewe wa Kihindi walifukuzwa zamani na kila aliyeingia baadaye aliondoka na mlango mmoja. Ile hoteli ya Lameki ipo. Meneja wake alinipokea vizuri sana, akanionyesha ukumbi, meza na kitambaa kimoja cha meza, akaniambia kwamba wageni watakapoanza kuja tena atanunua. Nikamuuliza wanatarajiwa lini. Akatazama mto.

Chumba cha duka nilikipata kwa mwanamke mmoja aitwaye Mama Sauda. Alikuwa Mnubi, mtu wa makamo, mjukuu wa wale wanajeshi kutoka Sudani walioletwa na Waingereza zamani. Kwenye mashavu alikuwa na chale tatu tatu za kusimama, kama wanawake wa kwao wa umri wake. Mumewe alikuwa fundi kwenye kiwanda cha nguo, hakuwahi kushika bunduki, lakini utawala ulipoanguka watu walisema Wanubi wote ni wa utawala ule. Mumewe alikimbia na umati kuelekea kaskazini na hakurudi. Duka lao lilibebwa lote, hata rafu. Kiswahili alikisema bila woga, na hilo peke yake lilinifanya nijisikie nimefika nyumbani.

Nilimwambia ninauza mvinyo na kwamba najua yeye ni Mwislamu, hivyo kama ni vibaya aseme.

"Wewe ni mtu ya Tanzania kabisa?" akauliza.

"Kabisa. Dodoma."

"Basi uza," akasema. "Lakini mlangoni ukae wewe, si mimi. Na ukiongea, ongea kwa nguvu."

Nilidhani anajali biashara yangu.

Niliweka rafu za mbao za makreti, nikapanga chupa, mvinyo mweupe upande mmoja na mwekundu upande mwingine, nikavaa shati jeupe. Wateja walikuja. Wa kwanza aliuliza kama nina chumvi. Wa pili aliuliza sukari, wa tatu sabuni, wa nne akauliza chumvi tena, labda nimeificha. Nikawaeleza kwamba hiki ni kinywaji cha zabibu, hunywewa taratibu pamoja na nyama. Waliniuliza nyama iko wapi. Mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa serikali alinunua chupa moja kwa heshima ya siku za nyuma, lakini mji mzima haukuwa na kizibuo, na changu kilikuwa kimeibwa Kampala. Alisukuma kizibo ndani kwa msumari, akanywa vipande vya kizibo, akasema ladha ameikumbuka. Hakurudi.

Wakati huo Mama Sauda alinilisha vizuri kuliko biashara ilivyostahili. Asubuhi kabalagala, zile chapati nene za ndizi na unga wa muhogo. Jioni kisra, chapati nyembamba za mtama, na mchuzi wa bamia. Kila jirani alipopita, Mama Sauda aliniuliza jambo kwa sauti, nami nikajibu kwa sauti, habari za mvua, habari za Dodoma, lolote.

Siku moja walikuja wanaume watatu wakiwa na mkanda wa kupimia. Walianza kupima ukuta wa nje wa nyumba kana kwamba sipo. Nilitoka nikawauliza, niwasaidie nini, jamaa zangu? Yule mwenye mkanda aliukunja haraka mpaka ukamkata kidole. Akasema samahani sana, afande, hatukujua nyumba ina mtu. Wakaondoka nusura wakimbie.

Mama Sauda alikuwa nyuma ya pazia. Nilimuuliza wale ni nani. Akasema ni watu wanaotaka nyumba, wamekuja mara nyingi kabla sijafika, na mara ya mwisho walimwambia Mnubi hana nyumba Uganda. Halafu akarudi kwenye bamia zake.

Nilikaa kwenye kiti changu cha mlangoni nikafikiri. Mimi nilidhani nimepanga duka, kumbe mwenye nyumba ndiye aliyejipatia mlinzi, tena anayejilipia pango mwenyewe. Ilikuwa biashara safi kabisa, na mfanyabiashara hakuwa mimi.

Buwenge

Kwa kuwa mji haukuwa na kiu, niliambiwa vijijini ndiko kwenye wanywaji. Nikachukua makreti mawili mpaka Buwenge, kaskazini ya Jinja, siku ya gulio. Mahindi yalikuwepo, viazi vitamu, mihogo, kuku, na watu wanaocheka, jambo ambalo mjini nilikuwa nimelisahau.

Aliyenisogelea ni mama mmoja Msoga, Naigaga, muuza waragi, ile pombe kali inayowaka ukiiwashia kiberiti. Aliishika chupa yangu kwa mapenzi ambayo sikuyaona tangu Dodoma. Aliigeuza juani, akapitisha kidole shingoni mwa chupa, akagonga kitako.

"Hii mzuri," akasema. "Hii mzuri sana. Mimi nataka yote."

Nikaanza kumweleza kwamba huo mwekundu ni mkavu kidogo, na huo mweupe ni vizuri uwe wa baridi. Alinisikiliza kwa upole, kisha akaniuliza kama naweza kuzimwaga kwanza, kwa sababu alitaka chupa tu. Chupa Buwenge zilikuwa zimekwisha tangu vita. Watu walibeba waragi kwenye vibuyu na mafuta ya taa kwenye makopo.

Nilikataa. Niliondoka. Nikazunguka gulio lote, nikarudi, maana hakuna mwingine aliyeniuliza chochote isipokuwa chumvi. Tulikubaliana kwamba atazibadilisha chupa kwa mahindi na jogoo mmoja, na mvinyo utamwagwa na yeye, mimi nisitazame. Nilitazama. Aliumimina wote kwenye beseni moja, mweupe na mwekundu pamoja, kazi ya baba yangu ya mwaka mzima. Wazee waliokuwa karibu wakaja na mirija yao ya kunywea pombe ya ulezi, wakauzunguka. Mmoja alionja, akauliza kitu kwa Kisoga. Naigaga akanitafsiria kwamba anataka kujua umeharibika lini.

Barabara ya Mbale

Wokovu ulikuja kwa umbo la padri mzee kutoka Mbale, aliyepita Jinja kutafuta betri ya gari akasikia kuna Mtanzania ana divai. Alisema parokia zake zinasoma misa kwa divai ya kijiko, na wakati mwingine hawana hata hicho kijiko. Angechukua makreti yote yaliyobaki ikiwa nitayafikisha, na malipo yangekuwa kahawa ya mlima Wanale, maana hela haikuwa na maana kwa mtu yeyote. Nilikubali kabla hajamaliza.

Mama Sauda aliposikia Mbale aliketi. Dada yake Hawa alikuwa akiishi Namatala, mtaa wa vibarua pale Mbale, na tangu vita hakuwa na habari zake. Asubuhi ya safari alitoka chumbani amevaa gomesi, lile gauni la mabega yaliyochongoka wanalovaa wanawake wa Uganda, kichwa wazi. Sikuwahi kumwona bila ushungi. Alifunga nyumba, akampa jirani ufunguo, na kwa alivyoutoa nilijua haurudii.

Lori lilituchukua kupitia Iganga na Bugiri. Vizuizi vilikuwa vingi, na kwenye vingi nilitoa kichwa dirishani, nikasema habari za kazi, tukapita. Nikaanza kujiona mtu muhimu.

Kizuizi cha karibu na Tororo hakikuvutiwa na mimi. Kilikuwa na askari wa jeshi jipya la Uganda, na mkubwa wao, kijana mrefu mwenye macho mekundu, alituambia tushuke. Dereva na utingo wake walikaa majanini bila kuulizwa, kama watu waliozoea. Yule kijana alinipita, akasimama mbele ya Mama Sauda, akatazama mashavu yake.

"Huyu ni nani?" akaniuliza mimi.

Nikasema ni mama mkwe wangu. Kwa nini nilisema mama mkwe sijui mpaka leo. Kichwani nilikuwa nimepanga kusema shangazi.

Akasema hizo chale anazijua, ni za Wanubi. Nikainama, nikamwonyesha ndonya yangu, hii alama ya duara kwenye paji la uso mnayoijua, ambayo nilipokuwa kijana niliionea aibu mbele ya wasichana wa mjini. Nikamwambia sisi Wagogo tunachanjwa, wanaume hapa, wanawake mashavuni. Mama zangu wanisamehe. Alinigusa paji kwa kidole, akasugua kuona kama itatoka.

Halafu akauliza kwa nini simtazami mama mkwe wangu usoni wakati naongea habari zake. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake ungeniangusha. Nikasema kwetu mtu hamtazami mkwewe, ni mwiko. Askari mmoja nyuma yake akasema kwa Kiswahili kwamba hata kwao ni hivyo, mkwe unamkimbia. Wakacheka kidogo. Mimi nikadhani tumepita.

Yule mkubwa alikuwa ameshapanda kwenye lori. Alishuka na chupa, mvinyo mwekundu.

"Wanubi ni Waislamu. Hawanywi," akasema. "Kama huyu ni mkwe yako wa Tanzania, mwenye biashara ya pombe, anywe. Pia mimi nitajua kama umetia sumu."

Alivunja shingo ya chupa kwenye bamba la lori, akamimina kwenye kikombe cha bati mpaka juu. Nilianza kusema kwamba mama ni mgonjwa, kwamba ni mapema, kwamba mimi nitakunywa. Akaninyooshea mkono ninyamaze, na ule mkono mwingine uliokuwa kwenye bunduki haukuondoka.

Mama Sauda alikuwa mtu wa sala tano. Katika muda wote niliokaa kwake hakuwahi kuzigusa chupa zangu hata kwa kitambaa. Alipofagia duka alizizunguka. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Midomo yake ilisema kitu bila sauti. Akanywa chote, bila kupumua, akakirudisha.

Nilisahau mwiko wangu, nikamtazama. Machozi yalikuwa yamemtoka kwa ukali wa kitu kile.

"Na hii ndiyo umebeba kutoka Dodoma mpaka hapa?" akaniambia. "Mtoto wangu ameolewa na mjinga."

Askari walicheka mpaka yule wa mwiko wa wakwe akaketi chini. Hata yule mkubwa alitabasamu. Alionja kidogo, akatema, akasema mama ana haki, akatuondolea gogo barabarani.

Lori likaenda mpaka tukauona mlima wa Wanale umesimama juu ya Mbale kama ukuta.

Namatala

Padri aliupokea mvinyo kwa furaha ya mtu aliyepokea mvua. Alionja, akafumba macho, akasema inatosha, Bwana ni mvumilivu. Akanipa magunia ya kahawa kama tulivyopatana.

Namatala tuliuliza nyumba kwa nyumba, kati ya vibanda vya matope na mitaro, mpaka mtu akatuonyesha mwanamke anayeanika maharagwe kwenye mkeka. Hakuna aliyepiga kelele. Hawa alisimama, mkono umejaa maharagwe, wakashikana viganja wakaanza kuongea Kinubi taratibu, na maharagwe yakawa yanaanguka moja moja. Baada ya hapo Mama Sauda aliomba maji, akaenda nyuma ya nyumba, akasukutua mdomo. Akaomba mengine. Aliporudi alikuwa amejifunga ushungi wa dada yake.

Tulikula malewa, machipukizi ya mianzi ya mlimani, kwenye mchuzi wa karanga, na matoke. Hawa aliuliza kwa Kiswahili, ili nami nielewe, tulipitaje Tororo, maana watu wao walikuwa wanarudishwa pale, na wengine hawarudi. Mama Sauda akasema huyu bwana alijua kuongea. Hawa akanipakulia mara ya pili kwa ajili ya maneno yangu, nami nikala, nifanyeje.

Asubuhi yake alinisindikiza mpaka barabarani, kwenye lori la kurudi. Nilimwambia nyumba ya Jinja nitaiangalia nikipita. Akasema wale watu watakuwa wameshamaliza kuipima. Nikataka kuomba radhi kwa lile jambo la kizuizini, lakini kila nilivyoanza ilikuwa upuuzi, na alinikatiza.

"Ile kitu nilikunywa, Mungu ataniuliza mimi, hatakuuliza wewe," akasema. "Wewe usibebe hiyo. Beba kahawa yako, rudi kwa watu yako salama."

Nikamwambia sawa, mama.

Kahawa iliisha kabla ya Masaka. Kila kizuizi kilichukua gunia lake, na cha mwisho kilichukua hata gunia tupu. Ile nyingine, aliyoniambia nisiibebe, hakuna askari aliyeiulizia. Nimefika nayo.